Jibu la Mwito wa Tatu

Pale mtaa wa Migosi, Kisumu, mtoto akichelewa michezoni na jua linaelekea kuzama, mama yake hakuhangaika kumtafuta. Alipita kwa Jacinta fundi, akamtajia jina. Jacinta alisimamisha cherehani, akatoka mlangoni na tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni, akaweka kiganja kando ya mdomo, akaita. Mara moja tu. Sauti ile ilipita juu ya mabati ikavuka uwanja, na mtoto, popote alipokuwa, aliacha mpira akaja mbio. Kanisani mwalimu wa kwaya alimsimamisha safu ya nyuma kabisa, akisema ni ili wenzake nao wapate kusikika.

Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Mumewe Walter, dereva wa lori, alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa sukari miaka saba iliyopita, na binti yao wa pekee, Sylvia, alikuwa akifundisha Eldoret. Jacinta alibaki na chumba chake cha mbele, cherehani mbili, na kazi ya kushona sare za shule na majoho ya kwaya. Hakuwa mtu wa makuu. Aliamka, akasali, akanywa chai ya rangi, akakata kitambaa. Wateja walimpenda kwa sababu hakubishana nao. "Mtu akisema kwapa linambana," alizoea kusema, "usimwambie amenona. Fungua mshono."

Mlango wa pili alikaa Wangechi, binti wa Ephantus, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Wazazi wake walitoka Nyeri, lakini yeye alizaliwa Kisumu na kukulia Kisumu, na Kijaluo alikijua kiasi cha kununua samaki na kujibu matusi. Kazi yake ilimshinda baba yake kuieleza mbele ya jamaa: alitengeneza magemu ya kompyuta. Michoro alitumiwa na rafiki yake Frankline aliyekuwa Port Victoria. Mengine yote alifanya mwenyewe, mchana kutwa, dirisha limefungwa na pazia.

Siku moja alikuja kwa Jacinta na ombi.

"Mama Sylvia, nataka uniazime sauti."

"Sauti ya nini?"

"Kuna gemu natengeneza. Ya kutisha. Wewe ni mtoto, uko ufuoni, kuna ukungu, huoni mbali. Mashua zimepinduliwa kwa mchanga, hakuna mtu. Sasa kuna mwenye anakuita urudi nyumbani, na wewe unafuata hiyo sauti. Nimejaribu yangu, nikatoka kama karani wa benki."

Jacinta alicheka. "Watu wanatafuta kutishwa? Na haya maisha?" Lakini alikubali, kwa maana msichana alikuwa jirani mwema, na isitoshe, hakuna aliyewahi kuiomba sauti yake isipokuwa kwa kuita watoto.

Ikawa Jumamosi mchana. Wangechi alikuwa amesimamisha godoro dirishani na kutundika mablanketi ukutani ili kelele za mtaa zisiingie. Jacinta aliketi katikati, ndani ya giza lenye joto la kuoka mkate, maikrofoni mbele ya midomo.

"Nimwite nani?"

"Mtu yeyote. Jina lolote. Fikiria tu mtu amechelewa."

Jacinta alifumba macho. Alikusudia kumwita Sylvia. Jina lililomtoka likawa jingine.

"Dorca! Dorca, bi dala!"

Njoo nyumbani, ndivyo alivyosema, na alisema kama alivyoita watoto wote wa Migosi. Akanyamaza, akaita tena, na safari hii sauti ikashuka, kama mtu anayeanza kukasirika. Mara ya tatu alipoita, sauti ilipasuka katikati ya jina. Halafu kimya. Wangechi aliacha kimya hicho kirekodiwe kwa muda mrefu, kwa vile hakuweza kunyanyua mkono.

Jacinta alipotoka pale, blauzi yake ilikuwa imelowa jasho.

"Nani huyo, Dorca?" Wangechi aliuliza akijifuta macho.

"Jina tu."

Hakuwa amelitamka jina hilo kwa miaka thelathini na minane.

*

Mwezi wa sita Wangechi aliweka mtandaoni demo, yaani kipande cha mwanzo cha gemu, watu wakicheze bure na waseme wameonaje. Maoni yakaanza kuingia, na Jacinta, ambaye hakuwahi kushika kompyuta, akajikuta anayangoja kama barua. Kila asubuhi alipokwenda kumwaga maji alisimama kwenye mlango wa Wangechi.

"Wamesemaje leo?"

Wangechi alimsomea, akimgeuzia Kiingereza kuwa Kiswahili. Mmoja alisema mtoto anatembea polepole mno, kama amebeba debe la maji. Mwingine alilalamika kwamba ukungu ulifanya kompyuta yake ipate moto mpaka akaizima. Mtu wa Brazil alikuwa amekwama nyuma ya mashua nusu saa nzima, akidhani ndiyo fumbo lenyewe, kumbe ni kosa la Frankline aliyesahau kuacha njia. Wangechi aliposoma kama hayo uso ulimwanguka, na Jacinta akamtia moyo.

"Fungua mshono, nyathina, mwanangu. Hao wanakuonyesha mahali panapobana."

Lakini wengi walitaja sauti. *Huyo mama anayeita amenifanya nimpigie mama yangu simu.* Mwanamke mmoja wa Poland aliandika kwamba hofu hakuipata, alipata huzuni tu, na je, hilo ndilo lililokusudiwa? Jacinta alirudi kwenye cherehani akitabasamu. Poland! Hata hakujua iko upande gani.

Wiki ya pili Wangechi alikuja mwenyewe, kabla hajaulizwa. Alisimama kwenye kizingiti, kompyuta mkononi.

"Mama Sylvia. Ile siku tulirekodi, kulikuwa na mtoto nje?"

"Mtoto gani? Ulikuwa umeziba na godoro."

"Kuna mtu anasema..." Akasoma. *Sehemu niliyoipenda zaidi ni baada ya mwito wa tatu, pale mtoto anapojibu kutoka mbali, kama ng'ambo ya maji. Ni kama anasema "abilo" au "habiro". Ni lugha gani? Maana yake nini?*

Mguu wa Jacinta uliokuwa ukikanyaga cherehani ulisimama.

Hata Kijaluo cha sokoni kilimtosha Wangechi kulijua neno lile. *Abiro.* Nakuja.

"Mimi sikuweka mtoto yeyote," alisema. "Kwa hiyo gemu hakuna mtu mwingine anaongea. Ni wewe peke yako."

"Labda huyo anatania."

"Ameandika kutoka Ufini, Mama Sylvia. Angejuaje?"

Walimpigia Frankline, ambaye masikio yake yalikuwa makali kuliko ya Wangechi na mashine zake bora. Alichukua siku mbili. Jibu lake lilikuwa kwamba baada ya mwito wa tatu hakuna kitu, mstari wa sauti umelala kama maji kwenye sufuria kabla hayajapata moto. Wangechi akapumua. Jacinta pia akajifanya kupumua.

Lakini maoni hayakukoma. Si wote waliosikia. Mmoja kati ya kumi, pengine, na wasiosikia waliwacheka waliosikia, wakabishana huko mtandaoni wenyewe kwa wenyewe. Walichofanana waliosikia ni hiki: kadiri siku zilivyopita, walizidi kuliandika neno lile sawasawa, na walizidi kusema liko karibu. Kwanza lilitoka ng'ambo ya maji. Wiki iliyofuata mtu aliandika kwamba lilitoka mchangani, baina ya mashua, na akasifu ufundi wa kulisogeza namna hiyo. Wangechi hakuwa amegusa chochote.

*

Jacinta aliacha kuita watoto. Mama mmoja alipokuja kumtajia jina la mwanawe, alisingizia koo. Mwingine naye akasingiziwa koo. Kumbe ukweli ni kwamba aliogopa ule ukimya unaokuja baada ya mtu kuita, ile nafasi ndogo kabla mtoto hajaitika. Hakujua ni nani angeijaza.

Mchana mmoja umeme ulikatika na pasi ikapoa mkononi mwake. Alikuwa amemaliza kumpima msichana wa miaka kumi na moja aitwaye Nasike, ambaye alihitaji rinda la shule. Mtoto alikuwa mpole, alinyoosha mikono alipoambiwa, akaenda zake. Jacinta alipochukua daftari la vipimo kukata kitambaa, aliona ameandika, kwa mwandiko wake mwenyewe: *Dorca. Kifua 26. Kiuno 23.* Alitoka akamfuata Nasike, akamrudisha, akampima upya. Mtoto alikuwa na kifua cha inchi ishirini na tisa.

Hakumwambia mtu. Aliukunja ukurasa wa lile daftari, akaliweka chini ya Biblia, kisha akaona si mahali pake, akalitoa.

Siku iliyofuata alikwenda kwa Wangechi, akafunga mlango nyuma yake.

"Niwekee hizo hedifoni. Nataka kusikia mimi mwenyewe."

Alisikiliza asubuhi yote. Alisikia sauti yake ikiita, na ilimshtua jinsi ilivyofanana na ya mama yake. Alisikia upepo ambao Wangechi aliuongeza, na maji. Baada ya mwito wa tatu alishika pumzi, akabana hedifoni masikioni kwa viganja vyote viwili. Hakuna. Akarudia. Hakuna. Mara ya thelathini hivi machozi yakaanza kumtiririka, wala hakuyafuta.

"Watu wa Ufini wanamsikia," alisema. "Mimi dada yake simsikii."

Ndipo Wangechi alipojua.

Jacinta alimsimulia kwa kifupi, kama mtu anayesoma barua ya mwingine. Kwao ni Asembo Bay. Mwaka wa themanini na saba, akiwa na miaka kumi na mitano, alikwenda ziwani na mdogo wake Dorca, wa miaka tisa, kufua nguo na kuosha vyombo. Yeye alikwenda kuanika nguo nyuma ya miamba. Aliporudi hakumkuta. Walitafuta siku tisa. Mwili haukupatikana, na wazee walifanya linalofanywa mtu asipopatikana: walichukua tunda la mti wa yago, lile refu zito kama mwili wa mtoto mchanga, wakalizika mahali pake. Jacinta alikataa kutupa udongo. Jioni baada ya jioni alishuka ufuoni kuita, mpaka mama yake alipomkamata mkono na kumwambia kwamba jina hilo asilitamke tena, iwe nyumbani au majini, maadamu yeye mama yu hai.

"Na bado yu hai?" Wangechi aliuliza.

"Yu hai."

"Basi naitoa hiyo sauti leo. Naitoa yote, nitafute mtu mwingine."

"Hapana!" Jacinta alimshika mkono kwa nguvu mpaka msichana akashtuka. "Ukimfungia mlango atajua nimemfukuza mara ya pili."

Wangechi hakuuliza mara ya kwanza ilikuwa ipi. Alitazama chini, kwenye kioo cha kompyuta, ambapo maoni mapya yalikuwa yameingia wakati wakizungumza. Uso wake ulibadilika. Jacinta akamwambia asome.

*Nimecheza magemu mengi ya kutisha, na hili sijui mmelifanyaje,* mtu alikuwa ameandika. *Jibu halikutoka kwenye hedifoni. Lilitoka nyuma yangu, mlangoni. Nilivua hedifoni nikageuka, nikidhani ni binti yangu. Binti yangu alikuwa shuleni. Kwenye kizingiti palikuwa na maji kidogo. Huenda ni mimi niliyemwaga. Nawapongeza, lakini sitacheza tena.*

Nje mwuza mandazi alipita akipiga filimbi.

"Kesho naenda nyumbani," Jacinta alisema. "Twende na wewe. Peke yangu siwezi."

*

Mama yake, Roslida, alikuwa na miaka themanini na minne. Macho yalikuwa yamemwishia, lakini ulimi ulibaki mzima. Waliwasili kabla ya saa sita na kumkuta sebuleni akipepeta mtama kwa kusikiliza tu, akijua kwa mlio ni wapi kuna makapi.

"Hatua mbili," alisema kwa Kijaluo. "Moja ni ya Jacinta, anaburuta kisigino. Nyingine siijui."

"Ni jirani yangu, Mama. Wangechi."

"Karibu, binti. Kaa mbali na kile kiti cha kijani, kina mguu mbovu."

Walikunywa chai. Jacinta aliuliza habari za mbuzi, za kanisa, za bati lililong'oka. Roslida alijibu yote, kisha akaweka ungo chini.

"Hukuja siku ya kazi kuniuliza habari za mbuzi."

Jacinta alipiga magoti kwenye sakafu ya simenti. Hakuwa amepanga kupiga magoti. Alisema kwa sauti ndogo sana, yeye aliyekuwa na sauti ya kuvuka uwanja.

"Mama, sikuwa naanika nguo."

Roslida alimgeuzia sikio.

"Karai lilielea. Dorca aliliacha jiweni likaelea. Nilikasirika, nikamwambia alifuate, si ni yeye aliyeliacha? Akasema maji ni mengi. Nikamwambia aende. Nilisimama pale nikamtazama akienda, na nilikuwa nacheka, Mama. Nilicheka mpaka nikaona si kitu cha kuchekwa. Halafu nikaingia, nikafika hapa," akagusa kifua, "nikaogopa. Nikarudi. Nikakuambia nilikuwa naanika nguo."

Mtama uliosalia kwenye ungo ulikuwa umetulia. Wangechi, ambaye hakuelewa maneno yote, alielewa ya kutosha, akainamisha kichwa.

"Nilijua," Roslida alisema.

"Ulijua nini?"

"Ulikuja mbio kuniita na rinda limelowa hadi kifuani. Mtu anayeanika nguo halowi hadi kifuani. Nilijua siku ile ile kwamba uliingia kumfuata. Hilo la karai sikulijua, lakini mlikuwa watoto wawili na vyombo, kungekuwa na nini kingine?"

"Na ukanikataza jina lake. Nilidhani ni kwa sababu yangu, kwa kuwa hukutaka kulisikia mdomoni mwangu."

"Eh! Ni kwa sababu yako kweli. Kila jioni ulishuka kuita, na kila ukiita ulipiga hatua moja ndani ya maji. Nilikufuata siku ya nne, ukiwa umefika mapajani, hata hujui. Nilikuwa nimebaki na binti mmoja, Jacinta. Ningefanya nini? Nilikufunga mdomo ili nikufunge miguu."

Jacinta alilaza kichwa kwenye mapaja ya mama yake, na yule kizee akaweka mkono juu ya nywele zake, mkono mzito wenye vumbi la mtama. Kisha Jacinta akamweleza lililomleta: maikrofoni, mwito, watu wa ng'ambo. Alitazamia mama yake atatishika au atasema ni uzushi wa mitambo. Roslida alisikiliza, shingo imeinama upande mmoja.

"Akajibu nini?"

"*Abiro*."

Mwanamke mzee alicheka. Kicheko kifupi, kikavu, na hicho ndicho kilichomtia Wangechi baridi kuliko yote aliyosoma mtandaoni.

"Basi huyo ni yeye. Mtoto yule alikuwa hasikii mpaka umwite mara ya tatu, na hata hapo atasema anakuja na asije." Kisha uso ukamkazana. "Lakini huyu sasa anakuja, unasema. Amefika mlangoni."

"Ndiyo, Mama."

"Mlango wa watu asiowajua." Alifikiri. "Anatafuta wako. Nenda ukamwambie asije. Na wewe binti, mshike leso. Usiiachilie hata akikuambia uiachilie."

*

Saa nane mchana ufuo ulikuwa mtupu. Kazi ya asubuhi ilikuwa imekwisha, na magugu maji ya ziwani yalikuwa yamesukumwa na upepo mpaka ukingoni, ya kijani kibichi, yakipanda na kushuka pamoja kana kwamba kuna kitu kikubwa kinapumua chini yake. Miamba ilikuwa pale pale. Jacinta alikuwa ameikumbuka kuwa mikubwa zaidi.

Ukungu haukuwapo. Jua lilikuwa kali, kivuli hakuna, na ndiyo maana Wangechi hakuweza baadaye kueleza ni kwa nini aliogopa namna ile. Alisimama hatua tatu nyuma, akiwa amezungusha pindo la leso ya Jacinta kwenye kiganja chake mara mbili.

Jacinta hakuita. Alisema tu, kama mtu anavyozungumza na aliye chumba cha pili.

"Dorca. Ni mimi. Mimi ndiye niliyekutuma karai, na halikuwa na thamani yoyote. Nilicheka. Nilikufuata nikaogopa. Nimekuita juzijuzi bila kukusudia, na umesikia, asante. Lakini usije, mdogo wangu. Huku hakuna mtu wa rika lako tena. Mimi nimezeeka, hata usingenijua. Kaa hapo ulipo. Nikimaliza kazi yangu nitakuja mwenyewe."

Alinyamaza. Magugu yaliinuka, yakashuka. Upepo ulikuwa umekoma, na mbali huko ndege mmoja alikuwa akilia akaacha. Jacinta alisikiliza kwa mwili wake wote, na kama ilivyokuwa siku zote, hakusikia kitu. Alihisi tu maji ya uvuguvugu juu ya nyayo, na kwa mshangao akaona kwamba ameshaingia mpaka vifundoni. Wakati huo huo leso ilikazwa nyuma yake, ghafla, kwa nguvu iliyokaribia kumwangusha.

Akageuka. Wangechi alikuwa mweupe midomo, macho yametua kwenye magugu.

"Umesikia," Jacinta alisema.

Msichana aliitikia kwa kichwa.

"Amekubali?"

Aliitikia tena, polepole, kisha akaanza kulia kama mtoto mdogo.

"Basi usiniambie alivyosema," Jacinta alisema, akatoka majini, akamshika mkono. "Lihifadhi wewe."

Kabla ya kuondoka walipita nyuma ya boma. Hapakuwa na kaburi la kuonekana, isipokuwa mahali palipodidimia kidogo na majani yaliyoota tofauti na mengine. Roslida alikuwa ameletwa na fimbo yake, akaelekeza kwa mguu bila kukosea. Jacinta aliokota udongo, akaumwaga. Ulikuwa mkavu, ukapeperuka nusu yake.

*

Waliosikia jibu hawakulisikia tena. Wangechi alirekebisha demo kama alivyoshauriwa: akampunguzia mtoto uzito wa miguu, akafungua njia nyuma ya mashua. Sauti ya Jacinta hakuigusa. Lakini maoni yaliyoingia mwezi wa nane yalikuwa na malalamiko ya aina moja. *Kwa nini mmetoa jibu la mtoto? Ndilo lililokuwa bora kuliko yote. Sasa mama anaita, na ni kimya tu.* Mmoja akasema kimya hicho ndicho kinachotisha zaidi. Wangechi hakumjibu yeyote. Alipomsomea Jacinta, fundi alikata uzi kwa meno.

"Mshono huo usiufungue," alisema. "Wabanwe tu."

Alianza tena kuita watoto wa Migosi, ingawa si kama zamani. Sasa alikwenda mpaka katikati ya uwanja, akamtazama mtoto, ndipo akamtaja. Watu walisema uzee umemfanya mpole. Mwisho wa kila mwezi alikwenda Asembo Bay kumfulia mama yake, na walitaja jina lile wakifua, bila kulikwepa wala kulitafuta.

Jumapili moja mnamo saa kumi, Sylvia alipiga simu kutoka Eldoret. Salamu aliziruka.

"Mama, kuna mwalimu mwenzangu anacheza gemu kwa kompyuta, na mtu huko ndani ana sauti yako. Nimetambua palepale! Nimesimama kama mti. Mama, Dorca ni nani?"

Jacinta alizima redio. Alivuta stuli mpaka mlangoni ambapo hewa ilikuwa nzuri, akaketi, akahamishia simu kwenye sikio la kulia ambalo lilisikia vyema.

"Ni mamako mdogo," alisema. "Una nafasi?"

Sylvia alisema anayo. Jacinta akaanza na siku Dorca alipozaliwa, mvua iliyonyesha, mkunga aliyechelewa, na ubishi wa kumpa jina. Betri ya simu ilimwishia kabla Dorca wa masimulizi hajaota meno. Sylvia akangoja mama yake achaji, akapiga tena.